Chura wa Kaporale

Kuna watu ambao harufu ya mkate wa moto huwarudisha kwa mama zao. Wengine ni sabuni, wengine ni udongo baada ya mvua ya kwanza. Mimi, Mungu anisamehe, ni mkojo wa mbwa uliomwagiwa majivu. Juzi binti yangu alimletea mwanawe kitoto cha mbwa, kikakojoa katikati ya sebule, nami nikachota majivu jikoni nikayamwaga juu, kama tulivyofanya sisi. Harufu ile ilipopanda, nilikaa kwenye kiti nikacheka peke yangu mpaka binti yangu akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu za asubuhi.

Sikumweleza. Watoto wa siku hizi ukiwaeleza jambo la aibu wanakuonea huruma, nami huruma yao siitaki. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokulia Kamina wakati wa Zaire, mkaamshwa na king'ora cha reli na kufagia barabara kwenye salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi.

Tulikaa kamp ya wafanyakazi wa reli, safu ya mwisho, nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na sebule. Baba alifanya kazi kwenye treni za mizigo; alilala nyumbani siku tatu, kisha akapotea wiki mbili. Kaka zangu walikuwa shuleni Likasi, hivyo chumba cha watoto kilibaki changu peke yangu. Mama naye alikuwa na kitu kimoja alichokipenda bila kuficha, nacho ni sakafu ya sebule. Aliipaka sira nyekundu, nta ya kung'arishia, akapiga magoti, akaisugua kwa nusu ya ganda la nazi mpaka ukiinama unaona meno yako. Wageni walivua viatu mlangoni hata kama ni mkubwa wa gari la moshi.

Nami nilikuwa na siri. Nilikuwa na miaka tisa, wa kwanza darasani kwa hesabu, najua kusonga bukari, ugali wetu, isiyo na madonge, na bado nilikuwa nakojoa usiku. Si mara moja moja. Karibu kila usiku. Mama aliamka kabla ya king'ora, akachukua mkeka na kitambaa changu, akavifua gizani na kuvianika nyuma ya banda la kuku ambako hakuna jirani aliyepita. Hakunipiga. Hakunisema hata neno. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa Mama. Mimi nilidhani hasemi kwa sababu ameniona mtoto wa aibu, hana hata maneno ya kunipa, na ukimya ule uliniuma kuliko fimbo.

Maana dawa ilikuwepo, kila mtu kwetu aliijua. Mtoto mkubwa anayekojoa hufungwa chura kiunoni, chura mzima mwenye macho, kwa kamba ya majani. Usiku maji ya moto yakishuka, chura hupiga kelele na mtoto huamka. Hayo ndiyo matibabu. Malipo yake ni asubuhi: mtoto hutembezwa na chura wake mlango kwa mlango, na watoto wote wa mtaa humfuata wakimwimbia. Niliona wakimfanyia hivyo mvulana wa safu ya tatu. Niliimba mimi mwenyewe, kwa sauti ya juu kuliko wote, wasije wakanishuku.

Nkambo, yaani bibi yangu mzaa mama, alikaa Kinkondja, kule kwenye ziwa Kisale na samaki. Sijui nani alimfikishia habari zangu. Kinkondja ni mbali, lakini habari za aibu hazilipi nauli. Siku moja mchuuzi wa samaki wakavu alisimama mlangoni petu akatoa ujumbe mbele ya Baba: “Mama ya Kinkondja anasema, kama ule mutoto bado analowesha, atakuya mwenyewe na chura ya Kisale.” Baba, ambaye hakujua lolote, akauliza mtoto gani. Mama akajibu haraka kwamba mama yake wa Kinkondja amezeeka, anachanganya wajukuu.

Wiki ile ile ndipo mbwa akaja.

Alikuja Jumapili, ndani ya mfuko wa kijeshi, pua tu ikiwa nje. Alimleta Sajenti, rafiki wa Baba kutoka kambi kubwa ya askari iliyo nje ya mji, mtu wa jimbo la Equateur mwenye kifua kipana na sauti ya kutikisa masufuria. Baba aliwahi kumsaidia kusafirisha vitu vya mke wake, na hii ndiyo ilikuwa shukrani yake. Alimweka mbwa chini, mwekundu-mwekundu, mwenye tumbo la duara na masikio ambayo bado hayajaamua yasimame au yalale.

“Sikia,” Sajenti akaniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekwisha kaa chini na mbwa. “Hii imbwa ilizaliwa ku kamp ya baaskari. Swahili haisikie. Kifaransa haisikie. Inasikia paka Lingala, Lingala tu.”

Baba akacheka. Mimi sikucheka. Nani asiyejua kwamba amri za jeshi ni Lingala? Kama askari mwenyewe, mzaliwa wa Bukama, anaambiwa kwa Lingala apige saluti, mbwa wake angeambiwa kwa lugha gani? Nilimwomba Sajenti anifundishe maneno ya lazima. *Yaka*, njoo. *Bima*, toka. *Libanda*, nje. *Noki*, haraka. Na *suba*, ambalo sitalitafsiri, mtalielewa wenyewe.

Ikaja kazi ya jina. Baba akapendekeza Komanda. Sajenti akasimama.

“Komanda? Minyi nikuye hapa, nipigie imbwa saluti?”

Wakashuka ngazi za vyeo. Lietna akakataliwa. Ajida akakataliwa kwa hasira zaidi, kwa sababu ajida wa Sajenti alikuwa mtu mbaya. Walipofika Kaporale, cheo kimoja chini ya chake, Sajenti akaketi, akamaliza kinywaji chake na kusema jina hilo linafaa.

Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi. “Italala wapi?”

“Mu nyumba,” Baba akasema. “Inje bataiiba.”

“Aka! Ile sakafu minyi nasugua na magoti yangu, alafu imbwa ikuye kukojola pale?”

Wakabishana mpaka bukari ikapoa. Mwisho Baba akatoa hukumu, kidole juu kama afisa wa serikali. “Naenda Lubumbashi. Mutoto ataifundisha. Nikirudia, kama iko bado inakojola mu nyumba usiku, Nkambo ataibeba Kinkondja.”

Nilikuwa nimefika Kinkondja mara moja. Nilikumbuka visiwa vya majani vinavyoelea, na mamba. Mjomba wangu kule aliniambia mamba akiona mtu na mbwa kwenye mtumbwi mmoja, humchagua mbwa kwanza, maana ni mtamu. Nikamkumbatia Kaporale.

Lakini nisijipake mafuta. Wazo langu la kwanza halikuwa upendo. Wazo langu la kwanza lilikuwa: huyu atabeba. Nyumba yenye mbwa mdogo, asubuhi kukiwa na dimbwi chumbani, nani atamwuliza mtoto?

Sajenti alikuwa ameacha kanuni za kufundisha mbwa. Mama, aliyempinga mbwa kwa nguvu zote, ndiye aliyezishika kuliko sisi wote.

“Imbwa haikunywe mayi kisha jua kuingia,” akatangaza jioni ya kwanza. “Na weye pia.”

“Minyi? Juu ya nini?”

“Juu imbwa isione wivu.”

Niliona ni haki. Mbwa ana moyo wake.

“Mbele ya kulala unaitosha, unaipeleka inje. Usiku pia unaitosha. Na ukiitosha, weye kojola kwanza, ione vile banafanyaka.”

Hilo nalo likaniingia akilini. Mwalimu huandika kwanza ubaoni, ndipo mwanafunzi anakili. Basi nikawa nachuchumaa nyuma ya nyumba, kando ya ndizi, namwonyesha Kaporale mfano kwa bidii zote, naye amekaa amenitazama, kichwa upande, kama mkaguzi wa shule.

Alilala kwenye katoni ya sabuni kando ya mkeka wangu. Saa hatukuwa nayo. Baba alisafiri nayo mkononi. Lakini kwenye stesheni injini ya kupanga mabehewa ilifanya kazi usiku kucha, na kila ilipoanza kazi ilipiga honi. Nikaapa kuamka kwa kila honi. Usiku wa kwanza nilisikia honi moja, na Kaporale alikuwa amekwisha kojoa mara nne: kwenye katoni, kwenye daftari langu la hesabu, mlangoni, na ndani ya kiatu cha Baba cha Jumapili. Usiku wa pili nilisikia honi mbili. Amri zangu hazikuwa na uzito, maana Sajenti aliniambia Lingala hutoka tumboni. Mimi yangu ilitoka puani. Nikatafuta kopo tupu la maziwa ya unga, nikaweka mdomo ndani, nikasema, “*Bima!*” na loo, sauti ikatoka nene kama ya mwanamume aliyekula vizuri. Kaporale akaruka kutoka katoni. Tangu siku hiyo nilifundisha kwa kopo.

Na alijifunza! Mbwa yule alikuwa na akili kuliko nusu ya darasa letu. Usiku wa nane alianza mwenyewe kukwaruza katoni akitaka kutoka. Usiku wa kumi alitoka, akakojoa, akarudi, akajikunja, mkavu kama biskuti.

Mimi ndiye ambaye sikukauka. Tena ikawa mbaya zaidi, kwa sababu nikishaamka mara tatu kwa ajili yake, usingizi wa alfajiri ulinizika mzimamzima. Nilizinduka kwenye baridi niliyoijua, nikavuta mkeka pembeni, nikamwaga majivu, nikamwita Mama na kunyoosha kidole.

“Kaporale tena.”

Mama alitazama majivu. Alimtazama mbwa. Alinitazama mimi. Kisha akavua kandambili, akapiga sakafu karibu na mbwa, pa! pa! huku akimtukana ukoo wake wote. Hakumgusa hata mara moja. Lakini Kaporale hakujua kwamba hataguswa. Alilaza masikio, akajibana ukutani, akanitazama mimi, si Mama. Halafu kelele zikiisha anakuja kulala juu ya mguu wangu, kana kwamba sijamtendea kitu. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, na kumpenda kulikuja pamoja na kichefuchefu. Niliomba usiku, kwa Mungu na kwa mababu, wamalize wao wenyewe jambo hili.

Wao wakaniletea Papa Ramazani.

Papa Ramazani alikuwa jirani yetu nyuma ya ua, mfanyabiashara wa vitambaa, Mwislamu wa Maniema, mtu mwenye adabu, kanzu nyeupe na kofia iliyofumwa. Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha mwalimu wetu. Nyumba yake ilitazamana na ndizi zetu. Sasa fikirini, ninyi mliokuwepo. Miaka ile, askari wakikosa mshahara, walijilipa usiku. Na askari wa usiku walisema Lingala. Mtu aliye kitandani akisikia Lingala nyuma ya nyumba yake, hakuuliza ni nani na anataka nini.

Usiku ule nilikuwa nimezinduka nikiwa nimelowa tayari. Nikafikiri: nimtoe mbwa, nikirudi nitasema alikojoa kabla hatujafika mlangoni. Kaporale hakutaka kutoka, hakuwa na haja. Nikamburuta mpaka kwenye ndizi. Akakaa. Hasira zikanipanda, nikatia mdomo kwenye kopo na kunguruma, “Kaporale! *Bima! Bima libanda! Noki! Noki!*”

Mlango wa Papa Ramazani ukafunguka.

Akatoka polepole, mikono yote miwili juu, redio ikining'inia shingoni, doti mbili za vitambaa begani, amevaa shuka tu. Alikuwa amefumba macho.

“Wakubwa zangu,” akasema, “mwambieni kaporali asihangaike. Nimetoka mwenyewe. Chukueni redio. Chukueni vitambaa. Mke wangu ni mgonjwa, watoto wamelala, nawaomba tu msiingie ndani.”

Nilitaka kujibu lakini mdomo wangu ulikuwa kwenye kopo, nikatoa mlio tu. Akapiga magoti.

“Papa Ramazani,” nikasema, baada ya kuondoa kopo. “Haiko askari. Njo minyi, Ngoie.”

Akafumbua jicho moja. Akaniona. Akamwona mbwa, ambaye kwa furaha ya kupata mgeni alikuwa anamlamba goti, na mnajua Mwislamu na mate ya mbwa. Alibaki amepiga magoti muda mrefu, mikono ikishuka kidogo kidogo. Nilidhani atanipiga. Kisha mbalamwezi ikafanya kazi yake, akaona gauni langu.

“Mwanangu, nani amekulowesha hivyo?”

“Imbwa.”

“Mbwa huyu?” Akampima Kaporale kwa macho, kimo cha sufuria. “Amekufikia mpaka mgongoni?”

Nikaanza kulia, na kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu mwingine mbali na Mama: kwamba ni mimi, kwamba mbwa ameacha zamani, kwamba Baba akirudi mbwa ataliwa na mamba, na nikisema kweli nitafungwa chura. Yote yakatoka kwa pumzi moja.

Papa Ramazani akakusanya vitambaa vyake. Ndani ya nyumba yetu Mama akaita, “Nani iko inje?”

“Ni mimi, Mama Ngoie,” akajibu, kwa heshima kamili, amevaa shuka. “Nimetoka kidogo kupunga hewa.” Kisha akaninong'oneza, “Mimi sikukuona wewe. Na wewe hukuniona mimi na mikono juu. Tumeelewana?”

Tukaelewana. Lakini alipofika mlangoni pake aligeuka. “Ila mbwa huyo, Ngoie, yeye hana wa kuelewana naye.”

Niliona ni maneno makali kwa mtu aliyetoka kunipigia magoti. Hayakunitoka kichwani.

Baba alirudi Alhamisi, na hakurudi peke yake. Treni yake iliposimama Bukama, Nkambo alikuwa pale stesheni, ameshuka kwenye mashua kutoka Kinkondja, amekaa juu ya kapu la samaki wakavu. Akaingia kwetu, mfupi, bila meno ya mbele, sauti kubwa. Tukapiga magoti na makofi ya polepole kumsalimu, “Eyo vidye,” naye akapokea salamu huku macho yake yakinipima kiuno. Mkononi alishika debe dogo lililotobolewa matundu. Debe likasema, “Kroo.”

“Nasikia mu hii nyumba mayi inatembeaka usiku,” Nkambo akasema, hajapewa hata kiti.

Mama alijibu kabla sijafungua mdomo. “Haiko mutoto, Mama. Njo imbwa.”

Nikamtazama. Baba alikuwa amekwisha mdanganya kwa ajili yangu, lakini sasa alimdanganya mama yake mzazi, macho chini, kama msichana mdogo.

“Imbwa? Mpaka leo?” Baba akavua kofia. Alikuwa amechoka, na harufu ya kiatu chake cha Jumapili alikuwa ameikuta mlangoni. “Basi imekwisha. Siku ya kwanza ya juma inaenda Kinkondja.”

“Na hii chura?” Nkambo akalalamika. “Niliibeba mu mashua siku mbili, bule?” Akafikiri. Alimtazama Kaporale, ambaye alikuwa ananusa debe, mkia ukienda. “Mulete ile kamba. Chura haichagule matako. Tutafunga imbwa.”

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Ndiyo, mbwa alifungwa chura. Nkambo mwenyewe alimfunga, kwa ustadi wa mtu aliyefunga wengi. Kisha akatoka hadi barabarani akawaambia watoto wa kamp waje alfajiri, kuna mkojozi wa kutembezwa. Hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nkambo alilala chumbani kwangu, akikoroma. Kaporale hakulala. Alizunguka akitaka kumng'ata chura na hakumfikia, akajaribu kukaa, chura akalia, akaruka, akaanza kulia naye, sauti nyembamba isiyokoma. Nami nilikuwa nimelala chali nikipiga hesabu, mimi wa kwanza darasani. Nikikojoa usiku huu, watasema mbwa hasikii hata chura, ataondoka. Nisipokojoa, na sikujua njia ya kutokojoa, ataondoka vilevile maana Baba amekwisha sema. Kila hesabu ilimpeleka kwa mamba. Kaporale akaja akaweka kidevu kwenye mkono wangu. Alikuwa anatetemeka. Nilimpenda mbwa yule kuliko nilivyojipenda, nasema bila aibu, na nilikuwa nimemfanya mchafu ili mimi niwe msafi.

Liwalo na liwe. Nikamfungua. Nikajifunga mimi.

Chura wa Kisale ni mzito, tena ana baridi ya ajabu. Aliniparua kidogo, akatulia tumboni. Niliketi nimeegemea ukuta nisije nikalala. Honi ya kwanza, tukatoka wote watatu, nikatoa mfano, Kaporale akafuata. Honi ya pili vilevile. Honi ya tatu nilisema “*Bima*” bila kopo, taratibu kabisa, nisimwamshe Papa Ramazani, na Kaporale akatoka bila ubishi. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Niliamshwa na kelele za Nkambo. “Mawee! Chura imehama!”

Baba na Mama wakaja mbio. Nikasimama. Mkeka mkavu, gauni kavu, mbwa mkavu, chura mkavu. Usiku ule hakuna kiumbe aliyekojoa ndani ya nyumba ile. Nje watoto walikuwa wamekwisha jaa, wanagonga makopo.

“Basi imbwa imepona,” nikasema upesi. Mwoga ni mwoga mpaka dakika ya mwisho.

“Usiku mumoja haiko kitu,” Baba akasema, akimwinua Kaporale kwa ngozi ya shingo. “Itaenda.”

“Haikukosa kitu!” Nilipiga kelele, mimi mtoto, mbele ya baba yangu. “Iliacha zamani! Mayi yote njo yangu. Njo minyi, Baba. Kila siku njo minyi.”

Baba akamweka mbwa chini. Nkambo akakaza kamba kiunoni mwangu kwa kidole, akaona imefungwa sawa, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, “Basi utembee, mwana. Banakungoja.”

Mama akatoka chumbani. Nilidhani amekwenda kulia, au amenichoka. Akarudi amevaa pagne, kitenge chake cha kwenda kanisani, kilemba kimekazwa, viatu miguuni, amekanyaga sakafu yake nyekundu kwa viatu. Akanishika mkono.

“Unaenda wapi?” Baba akauliza.

“Tunaenda kutembea.”

Tukatoka. Wakatuimbia, acha kabisa. Waliimba kwamba mimi ni bomba la kamp lisilo na koki, kwamba Kamina haitakosa maji tena, na mengine ambayo kwa umri wangu siyarudii. Kaporale alitangulia mkia juu, akidhani sherehe ni yake. Mama hakuharakisha. Kila mlango alisimama akasalimu kama siku ya sikukuu, akauliza habari za watoto, akauliza habari za wagonjwa, kidole chake kikinibana kila nilipotaka kuinamisha kichwa. Papa Ramazani alitoka, akatuona, akarudi ndani na kufunga dirisha lake taratibu. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Machozi yalinitoka mpaka safu ya nne, kisha yakakauka. Watoto nao sauti zikaanza kuwapungua, maana ni kazi kumwimbia mtu ambaye mama yake anakusalimu kwa jina la baba yako.

Tuliporudi kwenye safu yetu ya mwisho Mama akainama, akasogeza kidogo gauni langu.

“Chura yako iko nafanya nini?”

“Inalala.”

Akaninyooshea gauni, akanishika mkono tena.

“Uko na bahati,” akasema. “Yangu ilikuwa nalia ku kila mulango.”